Kiti cha Raia Pembeni mwa Jaji

Tanzania Bara, mtu akitiwa hatiani kwa kuua kwa kukusudia, jaji hana adhabu ya kuchagua. Ukiacha mjamzito na mtoto, Kanuni ya Adhabu katika kifungu cha 197 inamtaka jaji atamke adhabu moja tu: kunyongwa hadi kufa. Mwaka 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ilisema katika shauri la Ally Rajabu na wenzake kwamba kumfunga jaji mikono namna hiyo ni kukiuka haki ya kuishi. Ni kweli kwamba nchi haijamnyonga mtu tangu 1994, lakini hukumu hutamkwa, na aliyehukumiwa huishi gerezani akijua kilichoandikwa juu ya jina lake. Ndiyo maana katika kesi ya mauaji kila kitu huishia kwenye swali linalotangulia adhabu. Je, ni yeye aliyeua? Na kama ni yeye, alikusudia?

Kuanzia enzi za mkoloni hadi juzi tu, jaji hakuruhusiwa kulijibu swali hilo kabla ya kusikia sauti ya watu wasio wanasheria. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, kifungu cha 265, ilitaka kesi zote za Mahakama Kuu zisikilizwe kwa msaada wa wazee wa baraza wasiopungua wawili. Mwaka 2022 Bunge lilikibadilisha kifungu hicho na ulazima ukaondoka. Sasa jaji huwaita akiona haja. Asipoiona, huendelea peke yake. Kenya ilikuwa imekwisha kuwafuta mwaka 2007. Uganda bado inao.

Mabadiliko haya yalijadiliwa na wanasheria zaidi kuliko wananchi, na hapo ndipo ninapoona kasoro, kwa sababu kiti kilichoondolewa kilikuwa cha mwananchi. Naamini tulichokipoteza ni kikubwa kuliko kilivyoonekana, na lawama zilizokiondoa ziliwaangukia wasiostahili.

Tuanze na kazi yenyewe. Mzee wa baraza aliweza kuwa mwalimu mstaafu, mkulima, fundi cherehani, au mama anayeheshimika mtaani kwake. Kesi ilipoanza jaji alimtambulisha mbele ya mshtakiwa, na mshtakiwa akaulizwa kama ana pingamizi naye. Swali hilo halikuwa la adabu tu. Mshtakiwa aweza kujua ugomvi wa mpaka wa shamba, au posa iliyokataliwa miaka ishirini iliyopita, mambo ambayo jaji aliyehamishiwa kanda hiyo mwezi uliopita hawezi kuyajua. Baada ya hapo mzee aliketi na kusikiliza: daktari akieleza taarifa ya uchunguzi wa maiti, askari akionyesha ramani ya eneo la tukio, jirani akisimulia alichokiona kwa mwanga wa kibatari. Alipotaka kuuliza aliuliza kupitia kwa jaji au kwa idhini yake, kama Sheria ya Ushahidi ilivyoagiza katika kifungu cha 177.

Kulikuwa pia na nyakati ambazo alitakiwa atoke nje. Mshtakiwa akidai kwamba maelezo yake ya onyo aliyatoa kwa kipigo polisi, mahakama huendesha kesi ndani ya kesi ili kujua kama maelezo hayo yapokelewe. Wazee hawakuruhusiwa kuisikia sehemu hiyo. Sheria ilitambua jambo la kibinadamu kabisa: ukishasikia kwamba mtu amekiri, huwezi kulifuta kichwani hata uamriwe. Utaratibu huo mmoja unaonyesha jinsi akili ya raia huyu ilivyochukuliwa kwa uzito, walau kwenye karatasi.

Mwishoni jaji aliwafanyia majumuisho. Aliwaeleza ushahidi wa kila upande na sheria inayohusika, kisha kila mmoja akatoa maoni yake kwa sauti, mahakama ikiwa wazi, mshtakiwa kizimbani na ndugu wa marehemu kwenye mabenchi. Wanaolitaja jambo hili ni wachache, nami naliona ndilo zito kuliko yote. Mzee akisema hana hatia, anasema mbele ya mama aliyefiwa na mwanawe. Akisema ana hatia, watoto wa mshtakiwa wanamwona uso wake. Jioni hiyohiyo anapanda daladala ileile wanayopanda wao.

Wajibu aliokuwa nao haufundishwi popote maishani. Mtaani mtu anajulikana kabla hajashtakiwa: huyu jambazi sugu, yule mchawi, ukoo ule una damu mbaya. Mzee alitakiwa aviache vyote hivyo mlangoni na kupima kilichosemwa kizimbani peke yake, tena kwa kipimo kigumu cha kutoacha shaka yoyote ya msingi. Mtu anaweza kuamini moyoni kwamba mshtakiwa ndiye aliyeua na bado akawa na wajibu wa kusema kwamba Jamhuri haijathibitisha. Anayeweza kufanya hivyo, akikabiliwa na macho ya waliofiwa, amefika mahali ambapo wengi wetu hatujawahi kufika. Tunasema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni; mzee wa baraza alitakiwa aitekeleze methali hiyo hali mnyonge yuko hai mbele yake.

Baada ya yote hayo jaji hakulazimika kufuata alichoambiwa. Kifungu cha 298 kilisema wazi kwamba hafungwi na maoni ya wazee. Busara ya mahakama ilimtaka aeleze sababu anapotofautiana nao, lakini uamuzi ulikuwa wake.

Uingereza iliyotuletea mfumo huu iliwapa raia wake kitu kingine kabisa. Kule, kesi kubwa ya jinai husikilizwa na jopo la wananchi 12, watu wa miaka 18 hadi 75 waliopatikana kwa bahati nasibu kutoka daftari la wapiga kura. Jaji husimamia mwenendo na kueleza sheria, lakini swali la hatia ni lao. Wakisema hana hatia, mtu anakwenda nyumbani hata kama jaji anaamini vingine. Uwezo huo uliwagharimu. Mwaka 1670 Waquaker wawili, William Penn na William Mead, walishtakiwa London kwa kuhubiri barabarani. Jopo lilikataa kuwatia hatiani kama mahakama ilivyotaka. Wanajopo wakafungiwa bila chakula wala maji, nao wakashikilia neno lao, wakatozwa faini. Mmoja wao, Edward Bushell, alikataa kulipa akatiwa gerezani. Shauri lake lilipofika kwa Jaji Mkuu John Vaughan ikaamuliwa kwamba mwanajopo haadhibiwi kwa uamuzi alioutoa kwa dhamiri yake. Jopo la huko limesimama juu ya jiwe hilo hadi leo.

Uwezo huo una masharti makali. Kwa karne nyingi wote 12 walitakiwa wakubaliane. Tangu 1967 jaji anaweza kupokea uamuzi wa 10 baada ya mashauriano marefu. Wanayoyazungumza faraghani ni siri ya kisheria. Kumtafuta mshtakiwa kwenye intaneti ni kosa la jinai, na mwaka 2011 mwanajopo wa kesi moja ya Manchester alifungwa miezi 8 kwa kuwasiliana na mshtakiwa kupitia Facebook. Marekani, wanajopo wa kesi ya O. J. Simpson walitengwa na dunia hotelini kwa siku 265 hadi walipotoa uamuzi wao mwaka 1995. Kanada iliona kwamba watu waliotazama picha za maiti kwa wiki kadhaa na kukatazwa kumwambia yeyote walichojadili walikuwa wakiumia kimyakimya. Mwaka 2022 ikabadilisha sheria ili waweze kumfungukia mtaalamu wa afya ya akili. Watanzania na Wakenya waliochukua uraia wa nchi hizo hupata barua za wito kama raia wengine, nao hugundua kwamba taifa jipya linawadai kitu ambacho walikotoka hawakuwahi kudaiwa: kura yao juu ya maisha ya mtu.

Kwa nini basi mkoloni hakutuletea jopo lenye kura? Alilileta, ila kwa rangi. Katika Kenya ya kikoloni, Mzungu aliyeshtakiwa kwa kosa kubwa alikuwa na haki ya kuhukumiwa na jopo la Wazungu wenzake. Mwafrika alihukumiwa na jaji Mzungu, pembeni wakiwa wazee wa Kiafrika ambao neno lao halikumfunga jaji huyo. Ndivyo nusu ya haki tuliyorithi ilivyozaliwa.

Jinsi ilivyofanya kazi inaonekana katika kesi ya mwaka 1923 iliyosikilizwa Nakuru. Mlowezi Jasper Abraham alimpiga mfanyakazi wake kijana, Kitosch, kwa sababu alimpanda farasi aliyeagizwa amwongoze kwa miguu. Alimchapa, akamfunga kamba na kumlaza stoo, na usiku huo kijana akafa. Karen Blixen, aliyelisimulia shauri hilo katika Out of Africa, anaeleza jinsi madaktari walivyosimama kusema kwamba marehemu alikuwa na nia ya kufa, kana kwamba nia hiyo ndiyo iliyomuua. Jopo la walowezi lilimtia Abraham hatiani kwa kujeruhi vibaya tu. Alipewa miaka 2. Mwaka 1941 jopo jingine la Wazungu, Nairobi, lilimwachia Jock Delves Broughton aliyeshtakiwa kwa kumuua Lord Erroll, na watu wanaandika vitabu juu ya kesi hiyo mpaka leo. Mzungu wa kwanza kunyongwa Kenya kwa kumuua Mwafrika alikuwa Peter Poole, mwaka 1960, wakati bendera ya mkoloni ilikuwa karibu kushushwa.

Upande wa pili wa rangi, Dedan Kimathi, kiongozi wa wapigania uhuru, alifikishwa mbele ya Jaji Mkuu Kenneth O'Connor mjini Nyeri mwaka 1956, kosa likiwa kupatikana na bastola. Wazee watatu wa Kiafrika waliketi na jaji, na wote watatu wakasema ana hatia. Alinyongwa tarehe 18 Februari 1957. Wazee wa aina hiyo walitoka katika jamii iliyokuwa imepasuliwa vipande viwili na vita, wakiketi mahakamani chini ya serikali iliyokuwa upande mmoja wa vita hivyo. Mwanahistoria David Anderson amehesabu watu 1,090 walionyongwa katika miaka hiyo ya hali ya hatari. Uwepo wa uso mweusi pembeni mwa jaji ulizipa hukumu hizo sura ya ridhaa ya wenyeji, lakini ridhaa isiyo na uwezo wa kukataa haina thamani.

Nayataja haya kwa sababu sitaki kumtetea raia mahakamani kana kwamba raia ni malaika. Marekani inatoa ushahidi mchungu zaidi. South Carolina mwaka 1944, jopo la Wazungu watupu lilitumia takriban dakika 10 kumtia hatiani mtoto Mweusi wa miaka 14, George Stinney, akauawa kwa kiti cha umeme. Hukumu hiyo ilifutwa mwaka 2014, miaka 70 baadaye. Mississippi mwaka 1955, jopo jingine la Wazungu lilitumia dakika 67 kuwaachia waliomuua kijana Emmett Till, nao miezi michache baadaye wakalisimulia jarida moja, kwa malipo, jinsi walivyomuua. Majopo hayo yalikuwa na uwezo wote ambao wazee wetu waliukosa. Yalichokosa ni watu waliofungiwa nje ya mlango.

Louisiana ilikwenda mbali zaidi. Mwaka 1898, mlango ulipolazimika kufunguliwa kidogo, ilibadilisha katiba yake ili uamuzi usihitaji tena kauli moja, na hivyo Mweusi mmoja au wawili wakiingia kwenye jopo sauti yao isizuie chochote. Utaratibu wa namna hiyo ulidumu hadi Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoukataa mwaka 2020 katika shauri la Ramos. Waliotaka kuipotosha haki walielewa vizuri kuliko wengi wetu umuhimu wa mtu mmoja anayesema "sijaridhika".

Turudi nyumbani. Wazee wa baraza wa Tanzania hawakuondolewa kwa sababu ya ubaguzi wala kwa sababu walihukumu vibaya. Waliondolewa, kwa sehemu kubwa, kwa sababu kesi zilikuwa zikibatilishwa rufaani. Mwaka 1954 Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ilisema katika shauri la Washington Odindo kwamba maoni ya wazee ni msaada mkubwa kwa jaji, lakini pale tu wanapouelewa ushahidi pamoja na sheria inayohusika. Wasipoelezwa, thamani ya maoni yao hupungua kwa kiasi hichohicho. Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliushika msimamo huo mwaka 1982 katika shauri la Tulubuzya Bituro, na baada ya hapo kanuni ikazidi kukazwa. Jaji hakuwaeleza wazee maana ya dhamira ya kuua? Mwenendo ni batili. Hakuwafafanulia ushahidi wa mazingira, au utetezi wa mshtakiwa kwamba siku hiyo alikuwa mahali pengine? Batili. Kumbukumbu zinaonyesha kwamba wazee waliwabana mashahidi kwa maswali ya kuwapinga, kazi ambayo ni ya upande hasimu na si ya mtu asiyeegemea popote? Batili pia, na kesi irudi ianze upya.

Fikiria maana yake kwa binadamu. Mtu amekaa mahabusu miaka, amehukumiwa kifo, amesubiri rufaa, kisha anaambiwa kesi yake haikuwa kesi. Ianze tena, mbele ya jaji mwingine na wazee wengine. Shahidi aliyemwona muuaji amefariki, mwingine amehamia mgodini na hapatikani. Ndugu wa marehemu waliodhani wamemaliza kulia wanaitwa kulia tena. Aliyelazimika kushughulika na majalada ya namna hiyo ana haki ya kuchoka, na silaumu uchovu huo.

Lakini soma tena orodha ya makosa. Asiyewaeleza wazee sheria ni nani? Ni jaji. Aliyeruhusu maswali yasiyofaa na kuyaandika kwenye kumbukumbu ni nani? Ni jaji. Mzee alifika, akaketi, akasikiliza, akauliza alichoruhusiwa kuuliza, akasema alichokiona. Kosa lilikuwa la mwongozo, na dawa yake ilijulikana: majumuisho ya maandishi yenye vipengele vya lazima kwa kila aina ya kesi, mafunzo ya siku moja au mbili kwa wazee kabla ya kikao, na rufaa inayopima kama kosa lilimwumiza mshtakiwa kweli kabla ya kuifuta kesi nzima. Badala ya kutibu mwongozo tulimwondoa aliyekosa kuongozwa.

Tulichopoteza kinaonekana wazi zaidi kwenye utetezi wa kukasirishwa, unaoweza kulipunguza kosa la kuua kwa kukusudia liwe la kuua bila kukusudia. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 202, inauliza kama tendo au tusi lile lingemfanya mtu wa kawaida ashindwe kujizuia. Na inaeleza huyo mtu wa kawaida ni nani: ni mtu wa kawaida wa jamii anayotoka mshtakiwa. Je, kumtemea mate mzee wa ukoo hadharani kunamaanisha nini kijijini hapo? Kumkuta mtu usiku wa manane uani kwako akiwa mtupu, mahali ambapo kila mtu anaamini uchawi, kunamtia binadamu hofu ya kiasi gani? Jaji aliyezaliwa Bukoba na kusoma Dar es Salaam anaweza kuwa msomi mkubwa na bado asijue jibu la swali hilo huko Sumbawanga. Sheria inamwacha amwite mzee akiona haja. Ugumu uko hapo: mtu asiyeijua jamii ndiye anayetakiwa kutambua kwamba kuna kitu katika jamii hiyo asichokijua.

Kuna pia upweke wa jaji. Kazi ya kuamua peke yako, kesi baada ya kesi, kwamba mtu huyu anyongwe, humbadilisha mtu. Aliyesikiliza mauaji mengi huanza kuona mashahidi wa aina moja, visingizio vya aina moja. Kwa mzee wa baraza kila kesi huwa ya kwanza. Hajazoea kusikia kwamba polisi "walipata taarifa kutoka kwa raia mwema". Anauliza raia huyo yuko wapi.

Wananchi wenyewe waliwaona wazee hawa mara chache. Mwaka 2017 nchi nzima ilifuatilia kesi ya kifo cha mwigizaji Steven Kanumba, wazee wa baraza wakatoa maoni kwamba msanii Elizabeth Michael aliua bila kukusudia, na Jaji Sam Rumanyika akamtia hatiani na kumpa kifungo cha miaka 2. Siku hizo watu waliongea vijiweni juu ya kazi ya wazee kuliko wakati mwingine wowote ninaoukumbuka. Kenya waliwaona katika kesi ya Tom Cholmondeley, wa ukoo wa Delamere, iliyokuwa imeanza kabla ya sheria ya 2007: wazee walisema hana hatia, Jaji Muga Apondi akatofautiana nao mwaka 2009 na kumtia hatiani kwa kumuua Robert Njoya bila kukusudia. Alifungwa miezi 8. Wapo walioona kwamba jaji aliinusuru haki, na wapo walioona vingine. Mimi naona shauri hilo linatuonyesha kwamba swali la hatia linaweza kuonekana tofauti machoni pa watu waaminifu walioketi chumba kimoja, na hiyo ndiyo sababu ya kutaka macho zaidi ya mawili.

Hasara nyingine iko mtaani. Magazeti yetu yana maneno yaliyozoeleka, "wananchi wenye hasira kali", na kila anayeyasoma anajua kwamba mtu amepigwa mawe au kuchomwa moto kwa kelele moja ya mwizi. Umati huo una sababu zake, na kubwa ni imani kwamba mahakama ni mali ya wengine: mtu anapelekwa asubuhi, jioni yuko kijiweni, na hakuna anayeeleza kwa nini. Mtu aliyewahi kuketi siku tatu akimsikiliza shahidi aliyeapa kwamba alimtambua mshtakiwa, kisha akamwona shahidi huyo akishindwa kueleza mwanga ulitoka wapi, hawezi tena kuokota jiwe kirahisi. Atawaambia wenzake subirini. Kila kikao cha mauaji kilirudisha watu wachache wa namna hiyo vijijini na mitaani.

Wapo watakaouliza kuhusu rushwa, na wana haki. Mzee wa baraza mwenye posho ndogo, anayekaa mtaa mmoja na familia ya mshtakiwa, anafikika kirahisi. Lakini ni rahisi zaidi kumfikia mtu mmoja kuliko watano, na hatari hiyo hupungua watu wanapochaguliwa kwa bahati nasibu kutoka daftari la wapiga kura karibu na siku ya kesi, badala ya kurudia majina yaleyale yanayojulikana na kila karani. Hofu inapungua pia maoni yakitolewa faraghani na kutangazwa kama uamuzi mmoja, bila kumsimamisha mzee mmojammoja mbele ya waliofiwa. Ukabila ni hoja nzito zaidi, na Kitosch na Stinney wanatuonya. Jibu lake ni kuchanganya: wanawake na wanaume, vijana na wazee, wenyeji na wahamiaji. Kuhusu gharama, nchi inayotaka mamlaka ya kumnyonga mtu lazima ikubali kulipia chakula na nauli za watu wachache watakaoamua kama anastahili kuhukumiwa.

Mfano wa kufuata hauhitaji kuvuka bahari. Afrika Kusini ilifuta majopo yake mwaka 1969, lakini katika kesi kubwa jaji anaweza kuketi na wasaidizi wawili wenye kura sawa na yake juu ya ukweli wa matukio. Ndivyo Jaji Thokozile Masipa alivyoketi mwaka 2014 katika kesi ya Oscar Pistorius. Na hapa Tanzania, kwa miaka mingi hakimu wa Mahakama ya Mwanzo aliketi na washauri wawili na uamuzi ulipatikana kwa wingi wa kura. Mkulima aliaminiwa kupiga kura katika kesi ya kuku aliyeibwa, lakini katika kesi ya uhai wa mtu akapewa nafasi ya kushauri tu. Mpangilio huo ulipaswa kugeuzwa tangu siku ya uhuru.

Ninachopendekeza ni hiki. Katika kesi yoyote ambayo adhabu yake ni kifo, jaji aketi na raia wanne. Swali la hatia liamuliwe na wote watano kwa kura, na mtu asitiwe hatiani kwa kura pungufu ya nne. Jaji awape maelezo ya sheria kwa Kiswahili na kwa maandishi, nakala ibaki kwenye jalada. Baada ya kesi ya kutisha, wapewe mtu wa kuzungumza naye, kama Kanada ilivyokubali.

Nawe msomaji, ukiitwa siku moja, hapa nyumbani au ugenini ulikochukua uraia, usitafute cheti cha daktari wala kisingizio cha safari. Nenda. Sikiliza hadi shahidi wa mwisho kabla ya kuamua chochote. Usimtafute mshtakiwa mtandaoni, usimuulize mkeo wala mumeo anaonaje. Ukiwa peke yako upande mmoja, eleza sababu zako kwa utulivu na sikiliza za wenzako. Ukiridhishwa badilika, usiporidhishwa baki ulipo. Na wabunge walioondoa ulazima mwaka 2022 nawaomba waurudishe katika kesi za mauaji, safari hii ukiwa na kura.